Jinsi ya kuisoma kanuni ya zamani ya uvuvi na ardhi ya ufukwe, kutoka jaladani hadi mwaloni

Mwaka jana, masika yalipoanza, walikuja kwangu wazee watatu na kijana mmoja wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi ufukweni. Mzee mmoja alishika mfuko wa nailoni wenye karatasi mbili zilizotolewa kopi juu ya kopi, mpaka herufi zimekaribia kufutika. Kijana akasema, "Mama, hii ndiyo karatasi inayotunyang'anya mwalo." Mwalo ni pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa na samaki kushushwa. Niliwapa uji kwanza, kisha nikavaa miwani. Kilikuwa kipande cha sheria ya ardhi ya Tanganyika ya 1923. Nikatafuta sheria nzima, na kwenye sheria nzima hapakuwa na neno la kuwanyang'anya kitu. Aliyewapa alikata ukurasa pale palipomfaa.

Nilifanya kazi ya uvuvi miaka 31. Nilisomea chuo cha uvuvi Nyegezi, Mwanza, nikazunguka mialo ya Ukerewe na Ukara, visiwa vya Ziwa Victoria, na baba yangu alikuwa mvuvi tangu enzi za nyavu za kitani. Tangu nistaafu watu hunijia na karatasi za namna hii: kanuni ya mkoloni kuhusu nyavu, amri ya mtemi, yaani chifu, kuhusu mto, ramani ya ufukwe. Wengi huziogopa kwa sababu ni za Kiingereza na zina mhuri. Naandika hapa namna ninavyozisoma, ili na wewe uweze kumsomea mzee wako bila kusubiri mtu wa mjini.

Anza na swali, tena liandike

Usifungue jalada kabla hujaandika swali lako kwa sentensi moja. "Je, ufukwe huu ulihesabiwa ardhi ya nani mwaka 1950?" hilo ni swali. "Tunataka haki yetu ya mwalo" ni kilio cha kweli, lakini hakikuonyeshi ukurasa wa kufungua. Wale wazee walikuwa na maswali mawili yaliyochanganyika: nani anamiliki ardhi ya ufukwe, na nani anaruhusiwa kuvua mbele yake. Mkoloni aliyaweka kwenye sheria mbili tofauti, na mpaka leo yako kwenye sheria mbili tofauti. Ukiyachanganya, utapewa jibu la uvuvi ukadhani ni la ardhi.

Ipe karatasi umri wake

Kabla ya kusoma maana, tafuta tarehe. Wajerumani walitoa amri tarehe 26 Novemba 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao, na wao ndio waliokuwa waamuzi wa ipi haina mwenyewe. Waingereza waliichukua Mwanza mwaka 1916. Tarehe 22 Julai 1920 ndiyo inayohesabiwa mwanzo wa mfumo wa sheria za Kiingereza Tanganyika. Sheria ya ardhi ikaja 1923, ikarekebishwa 1928. Katikati, mwaka 1926, ikapita sheria ya mamlaka za wenyeji, iliyowapa watemi uwezo wa kutoa amri katika maeneo yao. Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963, kwa hiyo amri ya mtemi yenye tarehe ya baada ya hapo itilie shaka.

Angalia pia fedha. Faini ikitajwa kwa rupia na heller, senti zake, upo enzi za Mjerumani. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Niliwahi kuletewa "hati ya 1912" iliyotaja malipo ya shilingi mia mbili, imepigwa taipu vizuri kabisa. Sikuhitaji kuisoma zaidi. Mtu aliyeitengeneza hakujua kwamba mwaka ule hapa kwetu hapakuwa na shilingi.

Jua karatasi ina uzito gani

Karatasi za mkoloni hazina nguvu sawa. Juu kabisa ni sheria mama, yenye namba na mwaka, kwa mfano Na. 3 ya 1923. Baadaye sheria zilipokusanywa upya zilipewa namba za sura, ndiyo maana sheria hiyohiyo ya ardhi utaikuta inaitwa Sura ya 113. Ni moja, si mbili. Chini yake kuna kanuni zilizotangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kila moja na namba ya tangazo. Chini zaidi kuna amri za mtemi, na chini kabisa barua za bwana shauri, mkuu wa wilaya wa mkoloni, kwa mkubwa wake.

Barua ya bwana shauri si sheria. Lakini usiitupe, maana mara nyingi ndiyo inayosema ukweli wa mahali. Sheria itasema "wenyeji wa eneo". Barua itasema ukoo fulani ndio wanaotega migono, mitego ya kusukwa, kwenye mlango wa mto, na wanangwa wawili, wasaidizi wa mtemi, waligombana juu yake. Kwa kesi ya mwalo, barua moja ya namna hiyo hunisaidia kuliko kurasa kumi za sheria.

Hizi utazipata Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Omba majalada ya Sekretarieti, ofisi kuu ya serikali ya kikoloni, na vitabu vya wilaya, ambavyo mabwana shauri walikuwa wakiandika habari za koo, mipaka, mazao na desturi. Piga simu kabla ya kusafiri uulize masharti ya kuingia. Beba kitambulisho na barua ya utambulisho ya kijiji, na penseli, kwa sababu kalamu ya wino haikai karibu na nyaraka. Nakili namba ya jalada na ya ukurasa kabla ya kunakili maneno. Nimeona kijiji kikirudi na picha arobaini kwenye simu na hakuna hata moja inayoonyesha imetoka jalada gani. Ikabidi warudi upya, meli na basi, pesa ya watu maskini.

Wavu: mahali ambapo watu wengi hukosea

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kanuni ya zamani imetuumiza zaidi, na mimi mwenyewe nimeshiriki kuumiza.

Nyavu za kutega za kiwandani zilifika ziwani mwaka 1905, upande wa Kenya. Zilinasa ngege, samaki wa asili wa ziwa hili wa jamii ya sato, kuliko mtego wowote wa wazee wetu. Baada ya miaka ishirini wavuvi wa ghuba ya Kisumu walikuwa wanaona kila wavu unatoa samaki wachache zaidi. Serikali za kikoloni zikamleta mtaalamu wa samaki, Michael Graham, akalipima ziwa lote mwaka 1927 na 1928. Pendekezo lake kubwa lilikuwa moja: jicho la wavu lisipungue inchi 5, ili ngege azae kabla ya kunaswa. Mwaka 1933 ikawa kanuni ya nchi zote tatu. Mwaka 1947 ikaundwa idara ya uvuvi ya ziwa zima, na mwaka huohuo kituo cha utafiti kikaanzishwa Jinja. Katika miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda zikaifuta kanuni ya inchi 5. Kenya ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walisema ni ngumu kuisimamia na kwamba kuna samaki wengine wasionaswa na jicho kubwa. Baba alikuwa akituambia kwamba baada ya hapo watu walishuka nusu inchi kwa nusu inchi, kila msimu jicho dogo zaidi, mpaka ngege akawa samaki wa kusimuliwa.

Sasa, inchi 5 za nini? Jicho la wavu ni umbo la pande nne lenye mafundo manne. Unaweza kupima upande mmoja, fundo hadi fundo la jirani. Au unaweza kushika mafundo mawili yanayotazamana, ukavuta mpaka jicho lifumbe, ukapima kutoka fundo hadi fundo. Kanuni ya inchi 5 ni ya wavu uliovutwa. Kwenye karatasi ya Kiingereza tafuta neno stretched. Ukiliona, maana yake vuta kwanza. Inchi 5 zilizovutwa ni milimita 127. Upande mmoja wa jicho hilohilo ni kama inchi mbili na nusu tu. Kwa hiyo anayepima upande mmoja na kudai inchi 5 anadai wavu wa inchi 10, ambao karibu kila samaki wetu atapita.

Nilipokuwa mgeni kazini tulikamata wavu wa mzee mmoja kwenye kisiwa kidogo. Tulipima upande mmoja, tukapata inchi 3, tukaandika "haramu". Mzee alisema, "Mwanangu, vuta." Hatukuvuta. Wavu ukachomwa moto mwaloni mbele ya watoto wake. Ulikuwa wa inchi 6, halali kabisa. Nililitambua kosa wiki mbili baadaye nilipomwona mwenzangu mzoefu akipima. Nilirudi kumwomba radhi, akanipokea na kunipa kiti, lakini mtumbwi wake ulikuwa umekaa nchi kavu wiki zote hizo. Tangu siku ile nabeba rula ya chuma na kila mtu ninayemfundisha nampa wavu avute kwa mikono yake mwenyewe kabla sijamwonyesha maandishi.

Pima hivi. Lowesha wavu kwanza, hasa ukiwa wa pamba au kitani, kwa sababu uzi wa namna hiyo husinyaa ukilowa na hapo ndipo unavyofanya kazi majini. Chagua macho kumi yanayofuatana katikati ya wavu, si pembeni ambako mshonaji hubana. Vuta kwa nguvu ya mkono, usikate uzi. Pima yote kumi kwa pamoja, gawa kwa kumi. Andika tarehe, jina la mwenye wavu, na nani walishuhudia. Usiamue kwa jicho moja.

Halafu usitumie kipimo cha 1933 kumshtaki mtu wa leo wala kumtetea. Kanuni za sasa ziko chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, na zina viwango vyake vya nyavu na vya samaki: sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, sato chini ya 25 haruhusiwi. Zimebadilika mara kadhaa, kwa hiyo omba nakala mpya kwa afisa uvuvi wa wilaya. Kanuni ya zamani ni ya kukueleza tulifikaje hapa.

Jambo moja la pembeni. Ukikuta kanuni ya mkoloni inayofunga mto mzima kwa wavuvi wote isipokuwa wenye leseni na fimbo ya kuvulia, uliza mto huo ulikuwa na samaki gani. Kenya walileta trauti, samaki wa maji baridi, kutoka Scotland mwaka 1905 wakawatia mto Gura, milima ya Aberdare, na baadaye kwenye mito mingine ya baridi. Kanuni zilizofuata zilimlinda huyo samaki wa kigeni na burudani ya waliomleta. Ni tofauti na kufunga mlango wa mto wakati wa mvua ili ningu wapande kuzaa, desturi ambayo wazee wa kwetu walikuwa nayo bila karatasi. Zote mbili zitaandikwa "mto umefungwa". Usizipe heshima sawa.

Ardhi: soma mpaka mwisho wa sentensi

Turudi kwenye ule mfuko wa nailoni. Kipande walichopewa wazee kilisema kwamba ardhi yote ya Tanganyika, iwe inakaliwa au haikaliwi, ni ardhi ya umma, iko chini ya Gavana. Kikaishia hapo. Mtu aliyetaka kuzungushia ukuta mwalo akawaambia: mnaona, tangu 1923 hamna chenu.

Mwendelezo wa sentensi hiyohiyo, uliokatwa, unasema Gavana anaishika kwa matumizi na faida ya pamoja ya wenyeji. Na kuna sababu haikuitwa ardhi ya Mfalme kama ilivyoitwa Kenya. Tanganyika haikuwa koloni. Uingereza ilipewa iisimamie kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na ibara ya 6 ya mkataba ule iliwataka wazingatie sheria na desturi za wenyeji katika mambo ya ardhi. Sisemi walikuwa wema. Gavana alibaki na uwezo mkubwa kupita kiasi, na watu walihamishwa. Nasema maandishi yaliacha mlango, na mlango huo ni wetu kuupita.

Mwaka 1928 mlango ukapanuliwa. Marekebisho ya mwaka ule yalisema haki ya kumiliki ardhi inajumuisha haki ya mwenyeji, au jamii ya wenyeji, wanaoitumia ardhi kihalali kufuata mila na desturi zao. Soma hapo mara mbili: jamii. Si lazima mtu mmoja mwenye hati. Mwalo ambao kijiji kizima kinaanikia dagaa na kuegesha mitumbwi unaingia kwenye neno hilo, ukiweza kuonyesha matumizi.

Sheria ya 1923 haipo tena. Ilifutwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, iliyoanza kutumika pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 tarehe 1 Mei 2001. Leo ardhi yote bado ni ya umma, mdhamini ni Rais, nayo imegawanywa: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Lakini haki iliyokwisha kupatikana chini ya sheria ya zamani haifi kwa sababu karatasi yake imefutwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na mtu hanyang'anywi bila fidia ya haki. Huo ndio uzi unaounganisha 1928 na mwalo wako: matumizi ya kimila yalitambuliwa wakati ule, mahakama ikaithibitisha haki hiyo kuwa ni mali, na sheria ya vijiji ikaipa mahali pa kuandikwa.

Nenda ufukweni na karatasi mkononi

Ramani ya 1950 itakuonyesha maji yameishia pale. Usiamini kwamba ndipo yalipo leo. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, likameza mashamba na mialo mizima, na mwaka 2020 likapanda tena kwa nguvu. Kwa hiyo mpaka uliopimwa kwa umbali kutoka majini ni mpaka unaotembea. Tafuta alama zisizotembea: jiwe kubwa, mkuyu, ua wa minyaa, makaburi, msingi wa kanisa au ghala la zamani.

Nenda asubuhi na wazee angalau wanne kutoka koo tofauti. Nao wawemo bibi zetu, kwa sababu wanaoanika dagaa na kuchota maji wanaujua ufukwe kuliko wanaume waliokuwa majini usiku kucha. Wasalimie vizuri, kaa chini, usianze kwa kusoma karatasi. Waulize kwanza: mitumbwi iliegeshwa wapi kabla ya maji ya Uhuru, yale ya 1961 hadi 1964? Nani alikuwa akitoa ruhusa kwa mgeni? Andika wanavyosema. Halafu ndipo usome karatasi kwa sauti, kwa Kiswahili, na uone wanapotikisa kichwa. Pale wanapotikisa kichwa ndipo penye kazi yako.

Vipimo utavigeuza mwenyewe: yadi ni sentimita 91.4, futi 30.5, cheni ya mpima ardhi ni mita 20.1, ekari ni karibu mita za mraba 4,047. Tembea na kamba iliyopimwa. Simu yenye ramani itakusaidia kuweka alama, ila isiwe shahidi wako wa pekee.

Na ujue hili ili usiwaahidi watu kisichowezekana: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Inamgusa mwekezaji mwenye ukuta, inamgusa pia mwanakijiji anayejenga nyumba ya matofali mwaloni. Wale wazee walipoisikia walinyamaza. Mmoja alikuwa na banda la kudumu pale. Tulikubaliana litajwe kwenye maelezo yetu, kwa sababu upande wa pili wangelitaja tu.

Andika maelezo ya kurasa mbili

Usipeleke rundo la kopi mbele ya baraza. Andika kurasa mbili za Kiswahili: swali lenu, sheria gani ilitumika mwaka gani, kwa namba, jalada lilipotoka na ukurasa, alama za ardhini, majina ya wazee waliotoa ushahidi, na umri wao, sheria ya leo inasemaje. Ambatanisha ukurasa mzima wa kila nyaraka, wa kabla na wa baada yake, usikate hata mstari. Mambo ya ardhi yaanze Baraza la Ardhi la Kijiji. Ya nyavu yaende BMU na afisa uvuvi. Maelezo yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na kumbukumbu za mkutano ziandikwe kwamba yamesomwa.

Toa nakala tatu. Moja ikae ofisi ya kijiji, moja BMU, moja nyumbani kwa mtu anayeaminika na mwenye sanduku lisiloingiza maji. Zile za wazee wangu ziko kwa bibi mmoja, mke wa marehemu mwalimu, kwenye bati la biskuti chini ya kitanda, pamoja na ule ukurasa uliokatwa na ukurasa mzima uliobandikwa kando yake.